Jipu Halingoji Mavuno: Uvimbe wa Ngozi na Mfuko Mtupu katika Bonde la Kilombero

 

Nimekuja kuzungumza juu ya uvimbe. Sizungumzii saratani wala yale magonjwa makubwa yanayotangazwa redioni. Nazungumzia ule uvimbe unaoota mgongoni, shingoni, kwapani au makalioni, ukakaa miezi au miaka bila kumsumbua mtu, kisha wiki moja ukabadilika: unawaka, unavuta, ngozi inang'aa, na mwenye nao hawezi kulala chali wala kukaa kwenye pikipiki. Tena namzungumzia yule anayepatwa nao akiwa hana bima ya afya, kwa sababu huyo ndiye mkazi wa kawaida wa bonde hili. Bunge letu lilipojadili muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, uliopitishwa mwaka 2023, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha kwamba ni takriban Watanzania 15 tu katika kila 100 waliokuwa na bima ya aina yoyote.

Neno langu ni moja, nalisema mapema ili mnipime nalo. Uvimbe huu hutibika kwa fedha kidogo ukiwa umetulia, na hugharimu nyingi ukishachachamaa. Lakini namna tunavyolipia matibabu humfanya kila mtu angoje uchachamae. Wala kungoja huko si uzembe wa mgonjwa. Kunatokana na kalenda ya mpunga, na nitaeleza.

Kwanza tujue tunachokisema. Chini ya ngozi, chembe zinazotengeneza tabaka la juu la ngozi huweza kunaswa ndani, mara nyingi pale tundu la unyweleo lilipoziba au pale palipowahi kuumia. Chembe hizo haziachi kazi yake. Zinaendelea kutoa utando uleule unaopukutika juu ya mwili kila siku, ila huko ndani hauna pa kwenda. Unajikusanya ndani ya kifuko, mzito, mweupe, wenye harufu kali. Ukitazama vizuri juu ya uvimbe wa namna hii, mara nyingi utaona kitundu cheusi kidogo. Ukiusukuma kwa kidole unasogea pamoja na ngozi. Hauumi. Unaweza kuishi nao mpaka uzee.

Shida huanza kifuko kikipasukia ndani. Wengi wanadhani kila uvimbe uliowaka umeingiliwa na vijidudu, na sivyo. Ule utando ukimwagikia kwenye nyama, mwili wenyewe unaushambulia kama kitu kigeni, na vita hiyo peke yake inatosha kuleta wekundu, joto na maumivu. Wakati mwingine vijidudu vinaingia kweli, usaha unajaa, na hapo ndipo tunapata jipu. Na kinachopasua kifuko, mara nyingi, ni vidole vyetu wenyewe. Mtu anaukamua mbele ya kioo, au anamwita ndugu amkamulie mgongoni. Kidogo kinatoka nje kupitia kile kitundu, na kingi kinapasukia ndani.

Ndugu zangu, hata ukifanikiwa kukamua chote, kifuko kimebaki. Kutoa usaha ukaacha kifuko ni sawa na kufyeka ndago kwenye jaruba ukaacha vitunguu vyake ardhini: mvua inayofuata unaikuta palepale. Ndiyo maana watu wanasema, "Nilipasuliwa mwaka juzi, umerudi." Ulirudi kwa sababu siku ile ulipasuliwa ukiwa umewaka, na uvimbe uliowaka haufai kung'olewa kifuko, kwa kuwa nyama zimevimba na kifuko kimelegea, hakishikiki. Anayepasua wakati huo anatoa usaha tu ili kuondoa maumivu na hatari, na anafanya sawasawa. Kung'oa kifuko chenyewe ni kazi ya baadaye, kidonda kikishapona na uvimbe umetulia: ganzi kidogo, mkato mfupi, kifuko kinatoka kizima, nyuzi chache, mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake siku hiyohiyo. Hiyo kazi ya baadaye ndiyo ambayo karibu hakuna mtu anayerudi kufanyiwa. Ukishaacha kuuma, nani atoe fedha?

Si kila kinundu ni hiki ninachokisema, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu bonde letu lina vinundu vyake. Mtu aliyekulia milima ya Mahenge, karibu na vijito vinavyoteremka kwa kasi, akiwa na kinundu kigumu kisichouma juu ya mfupa wa nyonga au kwenye mbavu, huenda amebeba minyoo ya usubi. Ndani ya kinundu kile wamejiviringisha minyoo wakubwa, na watoto wao husambaa kwenye ngozi na kufika machoni. Vile vidonge vya kinga tiba vinavyogawiwa bure kijijini vinawahusu hao, kwa hiyo mwenye kinundu hicho asikimbilie wembe, aulizie vidonge. Mafundo ya shingoni yanayokua polepole, hayana moto, mtu anakonda na kutoka jasho usiku, hayo yachunguzwe kifua kikuu, na vipimo na dawa zake ni bure. Mtoki unaotokea kwenye kinena baada ya kidonda cha mguu unatibiwa kwa kutibu kidonda. Uvimbe laini unaoteleza chini ya ngozi, hauna kitundu na haukui upesi, mara nyingi ni mafuta tu. Na uvimbe wa titi, mama zangu, usiitwe jipu mpaka mtaalamu ameushika, hata kama unanyonyesha.

Sasa turudi kwenye kalenda.

Mpunga wetu unapandwa mvua zinapokolea, Desemba kuelekea Februari, na unavunwa kuanzia Mei. Kati ya hapo kaya nyingi zinahamia shambani, zinakaa kwenye madungu mbali na barabara, zinapalilia, kisha zinaamia ndege kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Machi na Aprili maji yamejaa, njia zimekatika, akiba ya mwaka jana imekwisha, na ile ya mwaka huu bado imesimama shambani kijani kibichi. Ngozi nayo ina miezi yake. Ni wakati wa jasho, tope, nguo mbichi, mikwaruzo ya majani ya mpunga, kuumwa na wadudu na kujikuna. Majipu yanakuja wakati huo huo mfuko ukiwa mtupu kuliko wakati wowote wa mwaka.

Mtu huyo anafanya nini? Anafanya jambo lenye akili kwa hali yake: anatafuta kilicho karibu na kinachouzwa kwa kipimo cha fedha aliyonayo, nacho ni duka la dawa. Sina nia ya kuyasema vibaya maduka ya dawa muhimu. Mpango huo ulianza Ruvuma mwaka 2003, ukafika mkoani kwetu Morogoro, na umeokoa wengi kwa kuweka muuzaji aliyefundishwa mahali ambapo zamani palikuwa na mtu yeyote na boksi lake. Lakini dukani hakuna kisu. Kuna vidonge, na mgonjwa mwenye shilingi chache anaomba kapsuli za amoksilini za rangi mbili, mbili za leo na mbili za kesho, pamoja na diklofenaki za kutuliza. Hapo anapoteza fedha yake mara mbili. Kwanza, usaha uliojifungia hauna mishipa ya damu ya kupitishia dawa, kwa hiyo dawa inazunguka mwili mzima isifike pale inapotakiwa. Pili, kijidudu kinachosababisha majipu mengi kinajua kuivunja amoksilini ya kawaida, kwa hiyo hata ingefika isingefaa sana. Jipu lililojaa linahitaji kufunguliwa. Vidonge vinaongezwa pale tu ambapo kuna homa, wekundu unaosambaa, au mwili dhaifu.

Maumivu yakipungua kwa diklofenaki, mgonjwa anadhani anapona na kurudi kupalilia. Baada ya siku chache jipu ni kubwa maradufu. Sasa ndipo anafikiria hospitali, na sasa hawezi tena kwenda peke yake. Anahitaji bodaboda, msindikizaji, mtu wa kubaki na ndege shambani. Fedha ya haraka hana, ila ana mpunga uliosimama. Anauza magunia mawili matatu ambayo hayajavunwa kwa mnunuzi anayejua vizuri kwamba muuzaji hana pa kukimbilia, na bei inapangwa na upande mmoja. Mei ikifika analipa kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Nikipiga hesabu ya jipu, naianzia hapo, kabla ya faili na kabla ya ganzi. Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye risiti ya hospitali yoyote.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wangoje, na wataalamu wenzangu wa afya hulipuuza kwa haraka mno. Wazee wanaujua ugonjwa wanaouita tambazi, uvimbe mzito unaotambaa ndani ya nyama, pajani au begani, wenye homa na maumivu makali. Wapo wanaoamini kwamba mwenye tambazi akichomwa sindano anakufa. Tumezoea kuwakemea. Mimi nadhani macho yao yaliona kitu cha kweli. Katika nchi za joto kuna usaha unaojificha ndani kabisa ya msuli, chini sana ya ngozi, na usipotolewa vijidudu huingia kwenye damu. Mtu akiletwa siku ya kumi, damu imeshachafuka, anachomwa sindano na usiku anafariki. Aliyemsindikiza alikumbuka sindano, maana ndicho kitu cha mwisho alichokiona. Kwa hiyo badala ya kubishana na mzee juu ya sindano, tumwombe atusaidie kuhesabu siku: tambazi la siku ya pili lina nafasi ambayo la siku ya kumi halina. Mzee anayeheshimika akisema hivyo kwenye msiba au kwenye mkutano wa kitongoji, anasikilizwa kuliko bango letu ukutani.

Ifakara si mji uliosahauliwa na tiba, na hili ndilo linalonisumbua. Hapa Mswisi Rudolf Geigy kutoka Basel alianzisha maabara yake katika miaka ya 1950, nayo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Hapa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imepokea wagonjwa wa bonde zima kwa vizazi. Kuanzia miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei ya chini Kilombero na Ulanga, na yaliyopatikana hapa yalisaidia kushawishi nchi nzima. Mbu wa Kilombero amechunguzwa kuliko mbu wengi duniani. Malaria ilipata mradi, kifua kikuu kikapata mradi, ukoma na virusi vya UKIMWI vivyo hivyo, na dawa za magonjwa hayo zinatolewa bila malipo. Nashukuru kwa kila mradi, nimeona watu wakiinuka kitandani kwa sababu yake. Uvimbe wa mgongoni haujapata mradi wala mfadhili, na kwenye taarifa za mwaka haupati hata mstari wake. Hata hivyo tafiti zilizofanywa vijijini Tanzania katika miaka ya 1990 zilikuta zaidi ya robo ya watu wakiwa na tatizo la ngozi linalotibika. Mwaka 1992 kilifunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, chuo cha kufundisha matabibu wa ngozi wa nchi za Afrika, kwa kutambua kwamba madaktari bingwa wachache wa mijini wasingefika vijijini kamwe.

Upasuaji mdogo umeachwa nyuma duniani kote. Tume ya jarida la Lancet ilipotoa taarifa yake mwaka 2015, ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawana uhakika wa upasuaji salama wanaoumudu, na kwamba kila mwaka watu milioni 33 wanatumbukia kwenye gharama za kuangamiza kaya kwa sababu ya kupasuliwa tu. Wengi wenu mnawajua baadhi yao kwa majina.

Wazee waliopo wanakumbuka enzi za baada ya Azimio la Arusha, ambapo mtu aliingia zahanati ya serikali bila kuulizwa fedha. Kisha dawa zikaadimika, bajeti ikapungua, na mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama. Sisemi turudi nyuma, kwani zahanati ya bure isiyo na ganzi haimsaidii mwenye jipu. Nasema tu kwamba tulipoanza kuchangia, tuliweka malipo yote mahali pamoja: siku ya ugonjwa. Kwa mfanyakazi wa mshahara siku zote zinafanana. Kwa mkulima wa mpunga, siku ya ugonjwa na siku ya fedha zimepishana kwa miezi.

Njia za kupita zipo, na nyingine hazitumiki kwa kutojulikana. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, sera inawasamehe. Asiye na uwezo kabisa, awe na umri wowote, ana haki ya kuomba msamaha kupitia ofisa ustawi wa jamii. Aende kwake kabla ya matibabu ikiwezekana, na barua ya mtendaji wa kijiji humsaidia. Anayelipa aulize bei kabla ya kulala kitandani: kufungua faili kiasi gani, kumwona daktari kiasi gani, kupasuliwa kiasi gani, na kubadilisha bandeji kila safari kiasi gani. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Kidonda cha jipu huachwa wazi kipone kutoka ndani, na husafishwa siku nyingi. Watu wanapanga fedha ya kupasuliwa, wanasahau nauli na malipo ya kufunga kidonda, wanaacha katikati, na kidonda kinaharibika. Omba ufundishwe kusafisha nyumbani kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, nenda zahanati ya karibu kwa kubadilisha bandeji, na urudi hospitali siku uliyoambiwa tu. Lipa kwa namba ya malipo na uchukue risiti.

Na aliye na uvimbe unaouma usiku wa leo afanye hivi: achovye kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika, akiweke juu ya uvimbe kwa robo saa, mara tatu au nne kwa siku. Asikamue, asichome kwa sindano wala wembe, asibandike majani asiyoyajua. Baadhi ya uvimbe hutulia wenyewe kwa njia hii. Lakini asingoje hata siku moja ikiwa ana homa na baridi, ikiwa kuna mstari mwekundu unaopanda kwenye mkono au mguu, ikiwa uvimbe uko usoni kati ya pua na mdomo, karibu na jicho, kwenye uti wa mgongo au karibu na njia ya haja kubwa, ikiwa mgonjwa ni mtoto mchanga, au ikiwa ana kisukari. Na anayepata majipu mara kwa mara apime sukari na apime virusi vya UKIMWI, maana mwili unaweza kuwa unamwonya.

Nije kwenye bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa kaya inayouza mpunga Juni, hiyo ilikuwa fedha inayopatikana. Kwa kaya hiyohiyo mwezi Machi ilikuwa mlima. Uandikishaji ukifanyika wakati wowote ofisa anapopata usafiri, tutaendelea kuona kadi zilizokwisha muda msimu wa majipu. Sheria ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Katika bonde hili mafanikio yake yatategemea mwezi ambao mkusanyaji anafika kijijini. Vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS zetu, ndivyo vinavyojua nani amepeleka mpunga ghalani na lini analipwa. Mwanachama akiridhia kwa maandishi, mchango wa kaya yake ukatwe pale, siku ya malipo, na orodha ibandikwe ukutani kila mtu aione.

Kadi peke yake haitoshi, kwa sababu mtu akienda na kadi yake zahanati akaambiwa hakuna ganzi, mwaka ujao hatalipa, na atakuwa na haki. Lakini hapa wananchi wana mamlaka ambayo hawayatumii. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kusimamia kituo, yenye wajumbe mliowachagua wenyewe, ndiyo inayopitisha matumizi. Lidokaini, mpini wa kisu na makali yake, koleo mbili, glavu, shashi, chombo cha kuchemshia vifaa. Hivyo ndivyo vinavyohitajika kufungua jipu la kawaida kijijini, mikononi mwa tabibu aliyefundishwa, na kumpeleka mbele yule tu anayezidi uwezo wa zahanati. Vikao vya kamati vya kupanga bajeti viko wazi kwa hoja zenu. Mjumbe wenu aulizwe, kwa jina, vitu hivi vimo kwenye mpango wa mwaka huu au havimo, na kama havimo, nini kilichopewa nafasi yake. Nanyi matabibu mliopo hapa, mwandikieni tarehe ya kurudi kila mliyemfungulia jipu la kifuko, na tarehe hiyo iwe Julai, mpunga ukiwa umeshauzwa, ili kifuko king'olewe.